Koti la Baba Kwenye Filamu Yangu

Jamani, leo nimeadhirika. Tena kwa projekta, ukuta mzima.

Mnajua nimetengeneza filamu. Nimeandika mimi, nimeongoza mimi, kamera nimeshika mimi (ni simu, lakini kamera ni kamera). Inahusu binti wa miaka kumi na sita, baba yake mlevi, nyumba haina amani. Mwishoni binti analichoma moto koti la baba yake na kuondoka zake. Siku ya kurekodi sehemu hiyo nililia mwenyewe.

Shida ni lile koti. Ni la baba yangu mzazi. Zito, jeusi, alilichagua mnadani Makambako, na mama akalishonea kifungo kimoja cha kahawia baada ya cheusi kudondoka. Nililiazima bila kusema. Nilikuwa nilirudishe. (Jivu nalo linarudishwa?)

Tangu Mei baba anatetemeka kwa baridi na kumshutumu mama kwamba koti kampa mdogo wake wa Mdandu. Mjomba kasusa kuja kwetu. Mama kasusa kumpikia baba uji. Nami nimekaa kimya kama simo. Nikiulizwa nasema, "Labda wezi."

Leo mchana ndiyo tulikuwa tunaonyesha, ukumbi wa parokia. Baba hapendi filamu, nikajua niko salama. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, leo lazima nije."

"Baba, ukumbini kuna baridi sana."

"Baridi gani mpya hiyo? Mimi sina koti tangu Mei!"

Akakaa mstari wa mbele kabisa. Mama naye, viti vitatu pembeni.

Dakika ya nne, baba wa filamu akaingia akiyumba. Kifungo cha kahawia hicho hapo, kikubwa kama sahani (niliisogeza kamera mwenyewe, eti natafuta hisia). Baba akasimama. Akakaa. Nikajipa moyo: pengine hajakiona.

Ikafika mwisho. Binti akalimwagia koti mafuta ya taa. Akawasha kiberiti.

"Hapana! Zimeni huo moto!"

Baba huyo, mbio mpaka ukutani, anaupigapiga moto kwa kofia yake! Watu wakalipuka kwa makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Katekista akajifuta machozi: "Mzee imemgusa."

Mama hakupiga makofi. Alisimama taratibu, akauliza ukumbi wote ukisikia, "Baba Tumaini, huyo aliyelivaa ndiye mdogo wangu wa Mdandu?"

Baba akageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya spika.

Hukumu imetoka: kesho baba anakwenda Mdandu kumwomba mjomba radhi, mimi nambebea jogoo. Na koti langu amelichukua. La pinki. Lina kofia yenye masikio ya sungura. Saa hizi yuko jikoni amelivaa, anakunywa uji, mama anacheka mpaka anashika mbavu. Sijamsikia akicheka tangu Mei, nami nimefurahi kuliko nilipopigiwa makofi.

Ila kesho mkimwona stendi ya Njombe mzee mwenye masikio ya sungura, msicheke. Aliyeshika jogoo ndiye atakayelipia.