Neno Lililotoroka na Suruali

Mkono wa kushoto wa koti ulikwisha kushonwa, na wa kulia ungali umelala mezani kama jemadari aliyeangushwa, pale fundi cherehani Mama Pindo alipoinua uso na kutambua kwamba neno lake limetoroka. Sogeeni basi, enyi mliowahi kufungua kamusi mkaifunga kwa aibu. Kaeni hapa mlangoni penye hewa, niwasimulie vita vya alasiri ile.

Yapasa kwanza mzijue silaha. Mama Pindo, bingwa wa mapindo, mshinda zipu korofi, alikuwa na mjukuu aliyezaliwa na kukulia ng'ambo, asiyejua lugha ila Kiingereza. Katika simu ya Jumamosi iliyopita bibi alijibu kila jambo kwa "good", na mtoto akamwuliza mama yake, pasipo ubaya wowote, "Kwani Bibi ana maneno mangapi?" Swali lile lilimchoma kuliko sindano. Tangu hapo akawa anateka maneno makubwa kwa utaratibu wake mwenyewe: neno huandikwa kwenye kipande cha karatasi, hubanwa kwa pini kwenye nguo inayoshonwa, wala halibanduliwi mpaka litungiwe sentensi ya kweli kuhusu kitu kilichomo chumbani. Mifano ya kamusi haikumfaa. Kamusi ilitaja serikali. Yeye akasema serikali haijapata kukanyaga kizingiti chake.

Sasa neno la siku hiyo lilibanwa kwenye suruali ya mwenye bucha, naye mwenye bucha alikwisha kuichukua akaenda zake.

"Maana ninayo," alinena Mama Pindo, akisimama mbele ya wifi yake aliyekuwa akishona vifungo. "Ni mtu asiyekataa jambo, ila moyo wake unakokota miguu. Maana ninayo, wifi yangu. Neno lenyewe ndilo halipo. Nimebaki na ala, upanga umekwenda bucha."

"Si utafute jingine," wifi alisema bila kuacha uzi. "Kamusi yote ile, unalilia moja."

"Aliyepotelewa na mbuzi haambiwi wapo wengi sokoni."

"Mbuzi ana supu. Hilo lina nini?"

Simu ikalia.

Alikuwa mjukuu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa Kiingereza chake alieleza kwamba kesho ana somo la kuogelea. Hajakataa kwenda, ila kila akilitazama begi la kuogelea, analisukuma chini ya kitanda. Bibi alielewa yote. Akafungua kinywa, na "good" ikaja mbio kama askari mzembe anayejitolea wa kwanza. Akaifungia nyuma ya meno.

Ndipo mwenye bucha alipotokea mlangoni, amevaa suruali mpya, anachechemea, mkono mmoja pajani na mwingine umeshika karatasi yenye pini.

"Fundi, umeniwekea nini humu? Nimekaa, nikajikuta nimesimama." Akaisoma karatasi polepole, kama mpiga mbiu. "Reluctant. Ndiyo nini, tusi?"

"Ndiyo wewe ukiombwa nyama isiyo na mfupa," alijibu wifi.

Mama Pindo akaisogeza simu karibu na kinywa. "You are reluctant," alisema.



"Yes," mtoto alijibu taratibu, kama aliyeonyeshwa mahali hasa panapouma. "I am reluctant, Bibi."

Lakini sheria ilikuwa bado haijatimizwa, maana mtoto hakuwamo chumbani. Mama Pindo akatazama cherehani, akatazama koti, akamtazama majeruhi akisugua paja. Kisha akajitazama mwenyewe.

"And I," alisema, "am reluctant to put down this phone."

Wala hakuiweka. Walizungumza mpaka simu ikawa ya moto sikioni.

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi kwamba alasiri ile neno moja lilihamia kwa Mama Pindo, na aliyejeruhiwa ni paja moja tu. Mkono wa kulia wa koti ulibaki mezani. Mama Pindo aliubania neno jipya, akafunika cherehani.

Wifi akalichungulia. "Hili mbona refu?"

"Ndiyo maana nimelitengea mkono mzima. Kesho."