Ombi la Siku Mia Moja Arobaini na Tano za Kupumzika

Kwako Mwalimu wa Michezo,

Shikamoo, Mwalimu. Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Jumamosi nilimaliza matembezi ya shule ya kilomita thelathini. Leo Jumatatu umebandika tangazo kwamba mazoezi ya mbio ndefu yanaanza kesho: kilomita tano kila siku ya shule, kwa wiki nne. Kwa heshima na taadhima nalalamika hivi:

1. Ulitufundisha mwenyewe kuwa kila kilomita ngumu inadai siku moja ya kupumzika. Niliandika, ukanipa vema. Basi nadai siku thelathini.

2. Nyumbani hawajasoma somo hilo. Ngazi nazishuka kinyumenyume, na kaka yangu hutembea nyuma yangu akilia "ti, ti, ti" kama lori linalorudi nyuma. Mama naye anasema iliyotembea ni miguu, mikono haikwenda popote, kwa hiyo vyombo ni vyangu.

3. Mazoezi yenyewe ni kilomita mia moja, na mbio ni kumi na tano. Pamoja na zile thelathini, jumla ni siku mia moja arobaini na tano, na mtihani unaangukia katikati. Naomba niufanye nimelala chali, msimamizi anishikie karatasi.

4. Kuja shule na kurudi ni kilomita nne. Leo nimekuja, basi nisionekane tena hadi Ijumaa ipite. Huu si uvivu, Mwalimu, ni hesabu.

Pamoja na hayo, naomba jina langu libaki kwenye timu. Miaka miwili nimekuwa wa akiba, nikishika masweta ya wenzangu. Safari hii ningependa mtu anishikie langu.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa geti, na mpishi aliyeniinua kwenye benchi.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Mkimbiaji wa Akiba

(Nyuma ya bahasha)

N.B. Monita alipoondoka na barua hii aligeuka akaniambia kuwa asiyefika kesho, nafasi yake anapewa mwingine. Nimemkimbiza tukazunguka madarasa yote, nikamkamata mlangoni pa ofisi yako. Amekataa kunirudishia, anasema barua ikishafungwa ni mali ya ofisi, ila niandike hapa nje. Mwalimu, kesho nakuja. Tafadhali usiifungue.