Zipu Iliyozunguka Nchi Tatu

Mzee tusiyemjua alisimama mbele ya benchi letu la kahawa, nje ya duka la fundi cherehani tunayemwita Sindano. "Sketi ya binti yangu iko tayari? Kesho saa mbili asubuhi anaanza kazi, mapokezi hospitalini. Uliahidi leo."

Sindano akaishika sketi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. "Tayari, mzee wangu. Imebaki zipu tu."

"Zipu tu!" Kontena, mpakuaji wa mizigo ghalani, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Mzee, huna redio? Ushuru wa zipu za nje umepanda mara tatu. Mji mzima hakuna zipu!"

"Umepanda kwa faida yenu," akadakia Waziri, muuza vocha za simu ambaye hajawahi kushika cheo chochote, ila huitetea serikali kama mkwewe. "Tunalinda kiwanda chetu cha zipu."

"Kiwanda gani? Mzigo wao naushusha mimi, kwa mgongo huu! Meno ya zipu yanatoka nchi moja, kichwa chake nchi nyingine, utepe nchi ya tatu. Hapa wanaunganisha na kugonga mhuri. Ushuru umekamata mpaka meno. Wamefunga tangu Jumatatu!"

"Utepe ni pamba yetu!"

"Ndiyo! Inatoka hapa, wenzetu wanaitoza kwa sababu tumewatoza. Inarudi utepe, tunaitoza tena. Yaani mwanao anarudi kutoka shule, anagonga mlango, unamdai kiingilio!"

"Basi atie vifungo."

"Viko bandarini, vinasubiri kibali."

"Pini?"

"Pini ziko chini ya vifungo."

Wakanigeukia mimi. "Msomi, umesomea uchumi miaka mitatu. Shahada inasemaje?"

"Kwa muda mrefu," nikaanza, kwa moyo wote, maana naamini kweli, "viwanda vya ndani vikilelewa, vikapata malighafi bila ushuru…"

"Huo muda mrefu utafika kabla ya kesho saa mbili?" mzee akauliza, bila ukali. "Wamesema asiye na sare asije. Kazi hii ameisubiri miaka miwili."

Nikainamia kikombe changu. Hata Waziri akaangalia viatu vyake.

Sindano akachukua mkasi, akaingia ndani, akavuta pazia. Tukasikia nyuzi zikifumuliwa, kisha cherehani ikanguruma. Baadaye mkono ukatokeza pembeni mwa pazia na sketi. Mzee akapandisha zipu, akaishusha, akaipandisha tena. Alishukuru mpaka sauti ikamkauka, akaondoka mbio.

"Mchawi wewe!" Kontena akaita. "Ulikuwa umeificha wapi? Toka, kahawa inapoa."

"Nipitishieni humu humu."

"Kuna nini?"

"Suruali yangu iko wazi mbele."

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Waziri hakucheka. Alivua koti lake, akalipenyeza chini ya pazia. "Jifunge kiunoni, ndugu yangu."

Kontena akainama, akasoma lebo ya koti kabla halijapotea. "Waziri! Kumbe hili limetengenezwa…"

"Kunywa kahawa, Kontena."