Kasri la Kobe Wawili

Duniani hakuna mlango usiomwamkia shemeji yangu! Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Huyasema akiwa amesimama mbele ya kibanda chake cha kuchongea funguo, kifua mbele, kama waziri anayekagua gwaride la makufuli. Mtaani wanamwita Injinia. Wao wanatania, yeye anaitikia.

Mimi ni mdogo wa mke wake, ninaishi kwao, chumba cha uani. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia ukutani bila kutaka. Sawa, kwa kutaka.

Baridi ilipoanza kung'ata, jirani yetu nesi alihamishwa kwa muda hospitali ya mbali. Hana mume, hana mtoto. Ana kobe wawili, dume na jike, aliowalea tangu wakiwa wadogo kama vifungo vya koti. Alikuja nao kwenye beseni, macho mekundu.

"Kaka," alimwambia Injinia, "hawa ndio familia yangu. Wanataka banda kavu, lisiloingiza upepo, na taa moja ya joto. Moja tu. Ukiwaona wamezubaa usiwasumbue, wakati wa baridi ndivyo walivyo."

"Dada yangu, mimi ni mtu wa kuelekezwa kobe?" Injinia alicheka kwa pua. "Wewe nenda kazini. Ukirudi utawakuta wamenenepa mpaka magamba yanawabana!"

Nesi akamtazama dada yangu. Dada yangu akatazama dari.

Uani kulikuwa na stoo ya mbao ya kuwekea mikokoteni mibovu na ahadi za Injinia. Aliifagia, akatangaza kwamba anajenga kasri. Kwanza alichana godoro la wageni, akalipigilia kwenye kuta zote ili baridi isipenye. Halafu zulia la sebuleni likahama. Mablanketi yakafuata. Akatundika hata pazia, ingawa banda halikuwa na dirisha.

"Pazia la nini?" nilimuuliza.

"Staha, shemeji. Hawa ni mke na mume."

Siku alipong'oa hita ya sebuleni, dada alimzuia mlangoni.

"Mume wangu, nesi alisema taa moja. Sisi tutaota nini?"

"Taa moja ni ya kobe wa kawaida! Halafu nyinyi mna damu ya moto. Damu ya kobe inategemea mazingira. Hiyo ni sayansi, mke wangu, usibishane na sayansi."

Sayansi ikapita na hita yetu. Dirisha la sebuleni lilikuwa na kioo kilichovunjika, ambacho Injinia alikuwa anakitengeneza "kesho" tangu nihamie pale. Sasa tukawa tunakula tumevaa makoti. Chai ilipoa njiani kutoka jikoni. Nikipiga chafya naambiwa nipunguze kelele, kobe wamelala!

Mwisho wa yote ulikuwa mlango. Hapo Injinia alimwaga ufundi wake wote. Alibuni kufuli la chuma zito kama dhambi, linalojifunga lenyewe mlango ukijirudisha. Ufunguo wake mmoja tu, na tundu lake liko nje. Chini ya mlango akabandika ukanda wa mpira, hata sisimizi asipite.

"Na kwa ndani, tundu liko wapi?" niliuliza.

"Kwa ndani la nini? Umeona kobe gani ana mfuko wa kuwekea ufunguo?" Alicheka peke yake mpaka akapaliwa.

Basi akaita mtaa mzima kuja kuona. Alitoa hotuba! "Mwizi akifika kwenye mlango huu," alisema, "atalia, atapiga magoti, ataomba aajiriwe kuwa mlinzi!" Watu walipiga makofi kwa nguvu. Wengi walikuwa wanapasha viganja moto.

Wiki hiyohiyo mama yetu akaja kututembelea. Mama ni mtu wa mwili na kauli. Injinia anamwogopa kuliko polisi. Mbele ya mama mkwe wake hufunga vifungo vya shati mpaka cha koo, na akicheka, hucheka kwa adabu. Tulipompeleka Mama chumba cha wageni, alikuta kitanda kina mbao tupu. Akalala kwenye makochi, amejifunika taulo.

Asubuhi akamwambia Injinia, "Mkwe wangu, nyumba yako nzuri. Hapa mtu akinunua friji amepoteza pesa."

Injinia akacheka kwa adabu.

Mara nesi akapiga simu: amepata mapumziko, anakuja mchana kuwaona wanawe. Injinia akachukua kitambaa na mafuta ya kupikia, akaenda bandani kuwang'arisha magamba. Aliingia, ufunguo mkononi, akasahau kuegesha tofali mlangoni. Upepo ukaja nyuma yake, ukausukuma mlango taratibu.

Ka-cha!

Yeye husimulia kwamba alitulia akatafakari. Sisi tuliziona kucha zake baadaye, kwa hiyo tunajua alichofanya. Alivuta, alisukuma, alibembeleza. Alipiga kelele, lakini godoro lilimeza sauti yote. Hita ilikuwa inanguruma. Akavua shati. Joto likapanda. Akavua na suruali.

Nesi alipofika, tulitoka naye uani, mimi, dada na Mama. Mlango umefungwa, kimya. Kisha Mama akainamisha sikio.

"Kobe wenu anaita mtu."

"Kobe hawaiti, Mama," alisema dada.

"Huyu anaita. Anasema, 'Asali wangu, nakufa!'"

Dada akaruka mlangoni. "Mume wangu! Uko humo? Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi!" Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya mto.

"Si ufungue!"

"Tundu liko kwako!"

"Upitishe chini ya mlango!"

Tukasikia kucha zikikwaruza mpira. Halafu: "Niliziba!"

Nesi alitugeukia. "Niambieni ukweli. Ndani kuna taa moja?" Dada akakiri kwamba kuna hita. "Kuna hita? Jamani! Mnanipikia watoto wangu?" Akaanza kuupiga mlango kwa ngumi, analia. Hapo hata mimi kicheko kiliniisha. Ndani tukasikia mlio, paa! Harufu ya waya ulioungua ikatoka.

"Ondokeni," Mama alisema.

Hakupiga teke wala hakutafuta nyundo. Aligeuka tu, akauegemea mlango kwa mgongo, kama mtu aliyechoka na safari. Injinia alikuwa ameweka akili zote kwenye kufuli. Bawaba alizipigilia kwa misumari ya kuning'inizia picha. Mlango mzima, fremu na vyote, ukalia kiii, ukaanguka ndani, na Mama akabaki amesimama kizingitini. Aligeuka kutazama alichoangusha.

Injinia alikuwa kona ya banda, amelowa jasho, amevaa chupi peke yake. Alipomwona mama mkwe wake, alinyakua kobe dume akajikinga naye mbele. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Kati ya wale wawili, kobe ndiye aliyekuwa na mahali pa kujificha.

Mama akageukia ukuta. "Mkwe, nilikuja kusalimia. Sikuja kukagua."

"Lakini, Mama," Injinia alisema huku akinyoosha kidole chini, "kufuli mmeliona? Halijafunguka!"

Kweli halikuwa limefunguka. Lilikuwa limelala sakafuni, limefungwa barabara, halina hata mkwaruzo.

Nesi alimpita kama anapita kiti. Alimnyang'anya yule dume, akamwokota na jike, akawatoa kwenye hewa, akawatazama macho, akawapapasa miguu. Wazima! Alikaa chini uani, akawapakata wote wawili, akalia vizuri. Alipomaliza akainuka, akasema maneno mawili tu: "Taa moja." Hita ilikuwa imeshakufa, hakukuwa na ubishi.

"Nani atawalinda sasa?" dada aliuliza.

"Mimi," alisema Mama. Alikuwa ameshaingia bandani, amekaa juu ya zulia, anabonyeza kuta. "Pakavu, hapana upepo, taa moja inatosha. Nileteeni begi langu."

Seremala akaurudisha mlango, akauwekea kitasa cha kawaida. Mama akahamia. Sisi tukabaki na sebule yetu isiyo na hita, zulia wala blanketi. Injinia akawa anachonga funguo amevaa glavu, na wateja walipomuuliza habari za kobe, alijifanya hasikii kwa sababu ya kofia.

Asubuhi moja ya baridi kali nilimwona anavuka ua, soksi juu ya soksi, shati limefungwa mpaka kifungo cha koo. Akagonga mlango wa banda kwa adabu.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Mkweo."

"Una shida gani?"

"Hapana shida, Mama. Nilikuja tu... kuwaona kobe. Hata dakika moja."

Ndani blanketi likachakarika, mtu akapiga mwayo mrefu.

"Kobe wamelala," Mama akajibu. "Wote watatu."