Ukaguzi wa Chumba cha Kulala

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tatu bila mke wangu. Pumu ilimbana, akahamia kwa mdogo wake, muuguzi, na huko analala fofofo. Muuguzi kasema kinachombana ni vumbi la madaftari yangu: miaka thelathini na moja ya kufundisha jiografia, yamepangwa chumbani hadi darini. Yatoke. Ijumaa atakuja kukagua. Nikishindwa, dada yake harudi. Nikamweleza kwa upole kwamba vumbi hutoka nje. Akasema, haya, Mwalimu.

Jumanne, 5 Machi
Nimefagia kwa ufagio mkavu, kwa nguvu. Kanuni: vumbi likitishwa hukimbia. Likakimbilia puani. Chafya kumi na nne. Jirani yangu seremala akauliza kama nabomoa nyumba. Nikapulizia manukato, chupa nzima. Nanukia kama bwana harusi, na sauti imekauka.

Alhamisi, 7 Machi
Nyumba imekuwa kubwa mno. Leo nimeongea na birika. Lakini madaftari hayatoki. Nimeyapanga chini ya godoro, kidato cha kwanza upande wa miguu. Kitanda kimepanda shubiri mbili. Nimetandika shuka. Hajui mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi kaja, dada yake nyuma. Nikasimama kando ya kitanda, mikono mgongoni. Hakutazama kabati wala dirisha. Akaenda moja kwa moja, akainua godoro. Nikamuuliza kajuaje. Akasema, shemeji, si wewe uliyekuwa ukikagua bweni letu? Ulituambia kila mara: anayesimama karibu na kitanda ndiye mwenye kitu. Mke wangu akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho, cha manukato yangu, kilinimaliza. Yeye akakaa barazani akivuta dawa yake. Mimi nikabeba madaftari, mwaka kwa mwaka, hadi stoo ya shule. Tukafua mapazia, tukaanika godoro, nikapiga deki kwa magoti.

Jumapili, 10 Machi
Amerudi. Kalala bila kukohoa hata mara moja, kaamka akiimba, kaniita kijana wake. Nimekunywa chai vikombe vinne kwa furaha.
Kasoro ni moja: sakafu tupu inampa baridi miguuni. Alipokwenda sokoni nikamletea zulia la manyoya, zito, kutoka kwa seremala. Lilikaa limekunjwa darini kwake miaka kumi, halijaguswa na mtu wala kupigwa na jua. Kama jipya. Nimelikung'utia humu humu chumbani, lisije likashika vumbi la nje.