Umri wa Sol kwa Hesabu Yangu

Jumatano, 16 Novemba 2011

Nimeficha namba. Moja tu, ndogo, ya mililita. Lakini mimi ni babu wa miaka themanini na tano, na daktari ameupa moyo wangu muda mpaka miti itakapochanua. Sitaki kuondoka nayo. Iandikwe.

Mjukuu wangu Sol anachemka tangu jana. Mama yake, mke wa mwanangu, kabandika karatasi kwenye friji: uzito kilo nane na nusu, dawa ya homa mililita tatu na nusu, yapite masaa manne kabla ya dozi nyingine, anayempa aandike na atie sahihi. Dozi ya kwanza kampa mwenyewe saa mbili asubuhi. Sahihi! Nimefundisha hesabu miaka thelathini na saba, leo nisainishwe kwenye friji!

Kisha yeye na mama yake wakashuka uani kutia chumvi kabichi za kimchi, achari yetu ya mwaka mzima. Vichwa themanini. Kabla ya kushuka, mkwe mwenzangu Bibi Tak, mamake Mama Sol, alimwekea mtoto taulo la maji kipajini, akaniagiza nikae tu, nisiguse kitu. Nikae tu! Kama mtungi.

Saa tatu nikasoma boksi la dawa. Mtoto wa miaka miwili, mililita tano. Na Sol ana miaka miwili, nani asiyejua? Mwishoni mwa Desemba iliyopita alizaliwa na mwaka wake mmoja, kama sisi sote tulivyozaliwa kwa hesabu yetu ya jadi. Mwaka Mpya ukaingia, tukanywa supu ya keki za mchele, kila mtu akaongeza mwaka, naye akatimiza wa pili. Kumbe anapunjwa mchana kweupe! Nikampa. Sikuandika. Mpango wangu: homa ishuke, nisifiwe, taulo la Bibi Tak liaibike.

Homa ikashuka! Lakini saa sita Mama Sol akapanda, akavuta dozi nyingine kwenye bomba la kupimia dawa. Niseme? Haya ikanibana. Nikashika kifua, nikaanguka polepole, upande wenye mto. Mama Sol akanirukia, na bomba akamkabidhi nani? Mama yake! Bibi Tak tayari kamfungua mtoto mdomo. Nikafufuka papo hapo. Nikapiga kelele asipewe, keshapewa!

Wakampigia mfamasia. Akauliza kiasi gani. Macho yote kwangu.

Nikasema tatu na nusu, kama karatasi inavyosema.

Mfamasia akaagiza mtoto apelekwe kliniki sasa hivi.

Alhamisi, 17 Novemba

Sol amerudi. Mzima, Mungu ni mwema, kamtapikia daktari kwenye tai. Bibi Tak kasema taulo lake halijawahi kumtia mtu wasiwasi, na kwamba mwalimu afadhali angeendelea kufa.

Tatizo ni kipimo cha damu. Daktari kaona dawa imezidi kuliko hizo dozi mbili tulizomtajia. Basi kuna aliyepima vibaya. Mama Sol kajishuku mwenyewe: saa mbili asubuhi, usingizi machoni, huenda alivuta mara mbili. Daktari kasema hadi ijulikane, asipime dawa nyumbani. Kila homa ikipanda, mtoto apelekwe huko, na baridi hii. Mwanangu kapiga simu kutoka kazini mjini Ulsan, kamuuliza mkewe ni mama gani asiyejua kusoma mistari. Niliisikia sauti hadi chumbani kwangu.

Nilikohoa. Ndiyo yote niliyochangia.

Ijumaa, 18 Novemba

Mpango mpya. Bora kuliko wote. Bomba ndilo liwe na kosa! Nikaifuta mistari yake kwa dawa ya meno, ionekane ilichakaa zamani.

Bibi Tak akanikuta. Akauliza nasugua nini. Nikasema naosha. Akasema, "Mwalimu, binti yangu kaolewa humu miaka sita, hajakuona ukiosha hata kijiko." Akalichukua bomba, akalitazama kwenye mwanga, akaondoka nalo. Afadhali angetukana. Kwenye chakula cha jioni nikapewa kimchi mpya, jani la nje kabisa, lile gumu.

Kisha Mama Sol akaniletea bomba lingine lenye maji. Macho mekundu. Akaniomba, "Baba, wewe ni mwalimu wa hesabu. Nisomee hapa ni ngapi. Mimi sijiamini tena."

Tatu na nusu. Barabara, hata unywele haukuzidi. Nikamwambia yuko sahihi. Akasema namwonea huruma tu.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimesema ukweli. Mbele ya Bibi Tak, na simu ya mwanangu ikiwa hewani. Kwanza nilijaribu kuanza na historia ya vipimo, Bibi Tak akaniambia nifupishe kabla sijafa kweli.

Mama Sol hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akacheka, akalia, akamwambia mumewe kwenye simu, "Umesikia?" Kisha akanieleza taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza: boksi huhesabu tangu siku ya kuzaliwa, Sol ana miezi kumi, na kilo ndizo za kufuata, si umri. Nikaitikia kila neno. Daktari kaarifiwa, Mama Sol karuhusiwa kupima mwenyewe.

Karatasi ya friji sasa ina mstari wa saa tatu, siku ya Jumatano, wenye sahihi yangu. Namba nimeiandika kwa mkono wangu, nayo si tano. Ni sita. Tano za boksi, na moja niliyomwongezea kwa sababu Mwaka Mpya umekaribia, naye atakuwa na miaka mitatu.