Wakirimbo, Namba 614

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kaloleni, Voi.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nilimwuliza umechoka kiasi gani. Akaangalia dirisha. Nina miaka themanini na minne. Sina ugomvi na dirisha. Nimeamua kufa nikiwa safi.

Basi naungama, kwanza humu, mahali ambapo hakuna wa kunijibu. Wakirimbo hawapo. Hawajawahi kuwapo. Wako tu kwenye ile ramani ya makabila madogo ya Afrika iliyochapishwa mwaka 1988: pembe ya kusini mashariki mwa Kenya, namba 614, watu 412, lugha yao wenyewe. Niliwatunga mimi, Thadeus, mwalimu wa Jiografia, alasiri moja ya Agosti 1987, katika ofisi ya walimu, nikinywa chai. Kirimbo alikuwa ng'ombe wa nyanya yangu. Ng'ombe mzuri. Mkaidi.

Leo simu imelia. Binti anaitwa Immaculate, mtafiti, mzaliwa wa Wundanyi. Wanachora ramani mpya ya jamii ndogo za bara zima, ya kutundikwa ukutani shuleni. Amewatafuta Wakirimbo miaka miwili. Atakuja kwangu Alhamisi. Ramani inafungwa Jumatatu ijayo saa sita mchana.

Nitamwambia ukweli. Bila shaka. Baada ya chai.

Jumanne, 3 Juni.

Ukweli una dosari moja. Makau atafurahi.

Makau ni jirani yangu, Mkamba, mzee wa kanisa. Tulifundisha pamoja miaka ishirini na sita; yeye Historia. Yule mchora ramani ya 1988 alitupa fomu sote wawili. Makau akavaa raba akatembea siku tisa vichakani upande wa Maungu, akiwahesabu Waata, wale wawindaji wa zamani walioondolewa mbuga ilipoanzishwa. Akarudi na miiba miguuni na fomu yenye matone ya asali. Fomu yangu ilikuwa safi, imepigiwa mistari kwa rula.

Kwa kipimo cha ramani ile, punje moja ya mchele ilifunika wilaya yetu nzima. Nafasi ilikuwa ya namba moja tu. Mchora ramani akasema Waata wana namba yao kule juu, pwani, lakini Wakirimbo hawana pengine pa kuwekwa. Hapo alisema kweli. Hawakuwa na pengine.

Makau alijua siku ile ile. Habari za ng'ombe Kirimbo nilikuwa nimemsimulia kila tulipokunywa chai. Hakunisema kwa mtu. Badala yake, miaka thelathini na minane, kila tukikutana, anainua kofia: "Mwalimu! Wakirimbo hawajambo?" Kanisani. Sokoni. Kwenye mazishi ya mke wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama wametuma mwakilishi.

Kwa hiyo mpango mpya. Siungami, naua. Nitasema msemaji wa mwisho amefariki. Kabila linaondoka kwa heshima, namba inabaki wazi, Waata wanaingia, Makau hana la kusema. Ni kama kumfuta kwenye rejista mwanafunzi aliyehama.

Alhamisi, 5 Juni.

Immaculate alikuja na tableti na ndizi za kwao. Binti ana adabu. Wakesho, binti yangu aliyerudi nyumbani kunitunza, akaleta chai. Makau akaja bila kualikwa, amebeba kiti chake mwenyewe, akaketi kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Nikatangaza msiba. Immaculate akavua miwani. Akauliza marehemu aliitwa nani.

Sikuwa nimejiandaa! Nikasema Tryphena. Wa wapi? Wa Wusi. Tryphena ni dada yangu. Anaishi Wusi. Asubuhi hii hii alinipigia kuuliza kama nimekunywa dawa.

Makau alikohoa ndani ya kikombe. Akatoa pole zake, kisha akauliza kama ni kweli Wakirimbo huzikwa wamesimama kwa miguu yote minne. Immaculate akaanza kuandika. Nikamwambia asiandike.

Ndipo balaa. Akanieleza kwa upole kwamba lugha iliyopoteza msemaji wake wa mwisho haifutwi. Inapewa alama kubwa zaidi, duara jeusi, na kisanduku cha maelezo pembeni, na jina la mtoa habari ndani ya kisanduku. Nimeua kabila, limenenepa! Naungama zaidi: nilipofikiria jina langu kisandukuni, niliona raha. Kidogo. Makau akauliza kuhusu Waata. Binti akasema kwa masikitiko kwamba pembe hii sasa imejaa. Jumamosi atapanda Wusi kupiga picha kaburi.

Makau alibeba kiti chake akaenda. Hakuwaachia Wakirimbo salamu. Ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 6 Juni.

Kifua kimebana usiku kucha. Asubuhi nilimpigia Tryphena nikamwomba awe amekufa mpaka Jumatatu. Akakataa. Jumamosi ana chama, na Jumapili ni zamu yake ya kusoma somo la kwanza. Akauliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nikasema uzee. Ana miaka sabini na tisa. Akakata simu.

Alipopiga tena nilimweleza yote. Akasema msichana akija kutafuta kaburi, marehemu atampikia chai mwenyewe. Nikalazimika kumwambia Immaculate kwamba barabara ya Wusi imeporomoka.

Tryphena hakuishia hapo. Akasema kifua changu hakina ugonjwa. Ni hasira ya Makau. "Mtu amekuwekea kinyongo miaka thelathini na minane, na wewe unameza vidonge!" Lazima tufanye kutasa, kama wazee wetu: aliyekosewa anatia pombe ya miwa mdomoni, anaipuliza chini, anatamka kwamba moyo wake umepoa na anakutakia uzima. Lakini kwanza mkosaji ataje kosa lake mbele yake. Nikamwambia kwamba Makau ni Mkamba, desturi yetu haimhusu. Akasema hasira haina kabila.

Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba. Inaudhi.

Jumapili, 8 Juni.

Makau alikuja baada ya ibada. Shida ya kwanza: mzee wa kanisa hagusi pombe. Tulijadiliana karibu saa nzima. Tukaafikiana juisi ya miwa, ya yule mama wa karibu na steji. Tryphena aliidhinisha kwa simu.

Mimi nilikuwa na mpango. Makau ni mtu wa Machakos. Ningetaja kosa langu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, mbio mbio, kwa sauti ya sala. Kosa limetajwa, hakuna aliyelisikia, desturi imetimizwa. Nikasema yote kwa sekunde kumi.

Makau akanijibu kwa Kidawida safi kuliko changu. Akaniomba nirudie polepole, maana hapo kwenye ng'ombe hakunipata vizuri. Miaka hamsini yuko Voi, amejifunza lugha ya watu na hakumwambia mtu!

Nikarudia. Wakesho alikuwa mlangoni. Alisikia vilevile.

Kisha Makau akasema. Alisema hasira yake haikuwa kwa ajili yake mwenyewe. Siku ya saba ya ile safari, mama mmoja mzee wa Kiata alimpa asali, akamwuliza, "Utatuandika?" Akamwahidi. Ramani ilipotoka alimpelekea nakala. Yule mama hakujua kusoma. Akamwomba amwonyeshe kwa kidole mahali walipo. Makau akaweka kidole juu ya 614.

Akasema: "Uongo ulikuwa wako, Mwalimu. Kidole kilikuwa changu."

Yule mama naye akaweka kidole chake hapo, akacheka. Alikufa akiamini ni wao.

Naandika hivyo tu.

Makau akajaza mdomo juisi, akapuliza kwa nguvu. Meno yake ya bandia yakatoka nayo, yakatua katikati ya bustani ya sukuma wiki. Hakusita. Akamaliza maneno bila meno: moyo wake umepoa, niishi, nilale vizuri. Sijawahi kubarikiwa kwa mate mengi namna hiyo. Na kifua kikafunguka. Kama mlango! Mimi ni mtu wa sayansi, naandika nilichokiona.

Meno yalipokwisha kuoshwa aliyarudisha mdomoni, akaongeza neno moja. Kesho, kabla ya saa sita.

Jumatatu, 9 Juni.

Nilipiga simu saa tano na dakika hamsini. Nikamwambia Immaculate kwamba Wakirimbo ni ng'ombe.

Akauliza habari za yale maneno kumi na mawili ya lugha yao niliyoyaandika kwenye fomu. Nikasema neno lao la maji ni jina la mwalimu mkuu wetu wa zamani, limegeuzwa nyuma mbele. Mengine siyakumbuki. Kumbe ameyaandikia makala. Kurasa arobaini. Akanishukuru kwa sauti ya mtu anayesaini kupokea jeneza.

Saa sita kasoro dakika mbili: 614 imefutwa. Waata wameingia, kwa fomu ya Makau, ile ile aliyoitunza kabatini miaka yote, Wakesho akaituma kwa picha ya simu, matone ya asali na vyote. Mtoa habari: Makau. Jina langu limetoka pamoja na ng'ombe.

Jioni Makau alipita njiani akainua kofia. "Mwalimu, hujambo?" Basi. Hakumwulizia mtu mwingine yeyote. Nyumba ilikuwa kimya sana.

Jumatano, 11 Juni.

Usiku wa pili nimelala kama mtoto. Daktari amepima, akapima tena, hakuangalia dirisha. Dhamiri safi, kifua safi. Sasa naweza kwenda wakati wowote. Nimemwambia Wakesho suti ipi.

Saa nne simu. Kijana Cyrus, mpole sana. Anachora ramani ya lugha za kaunti yetu peke yake. Namba yangu ameikuta kwenye orodha ya zamani. Nikamwambia nimeacha mambo hayo, niko karibu na kaburi. Akanipa pole. Akaeleza tu, kwa adabu, jinsi ramani ilivyo.

Ramani ya kaunti! Kipimo kikubwa! Wusi peke yake ina upana wa kiganja. Nilichukua rula nikakadiria. Nafasi tele, hapo hasukumwi mtu nje, hata Makau hawezi kulalamika. Na kama ipo jamii ndogo iliyosahaulika, anasema Cyrus, jina la mtoa habari litawekwa kwa herufi nzito. Atakuja Jumamosi.

Wakesho ana kuku mmoja mweupe, mtulivu, mwenye heshima zake. Nimemwuliza anaitwaje. Amekataa kuniambia. Amemchukua amemfungia jikoni.

Si neno. Nimempigia Tryphena kumwambia amefufuka. Ana maneno kumi na mawili ya kukariri kabla ya Jumamosi.